Kompyuta ya Mezani Inapiga Kelele: Sikiliza Kwanza, Bisibisi Baadaye

Kompyuta ya mezani hata ikiwa nzima ina sauti yake. Feni zinavuta hewa na kuitoa, diski inazunguka, na masikio yameshazoea mchanganyiko huo kiasi kwamba huusikii tena mpaka siku unapobadilika. Siku hiyo wengi hukimbilia bisibisi, na makosa huanzia hapo.

Nasema hivyo kwa kuwa nimeshakosea mwenyewe. Kasha langu lilianza kuvuma, mvumo mzito wa chini unaokuja na kuondoka kama pumzi ya mtu aliyelala. Nikakata shauri kwamba pawa saplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kasha, imechoka. Nikanunua mpya, nikafungua kila kitu, nikapitisha kebo upya jioni nzima. Nilipowasha, mvumo ulikuwa palepale. Niliupata kwa bahati tu: niliegemeza mkono kwenye ubavu wa kasha nikitafuta skrubu iliyoanguka, kelele ikakatika. Bati la ubavu lilikuwa limelegea upande mmoja na lilikuwa likitetemeshwa na diski. Dawa ilikuwa kukaza skrubu nusu mzunguko.

Tangu hapo, kabla sijagusa chochote, najiuliza swali moja: kelele hii inabadilika pamoja na nini? Mahali inapotoka ni vigumu kupajua kwa sikio, maana kasha la bati husambaza sauti pande zote. Wakati inapotokea ndio usiodanganya.

Kelele inayokuja unapofungua faili kubwa ni ya diski. Inayopanda polepole baada ya kuanza mchezo au kuhariri video ni ya feni, kwa kuwa joto huchukua muda kupanda. Inayoanza papo hapo mchezo unapofunguka na kukatika papo hapo unapoufunga, hiyo karibu kila mara ni ya umeme unaopita kwenye koili, yaani nyaya zilizoviringwa kwenye saketi. Inayosikika asubuhi tu, kompyuta ikiwa baridi, kisha ikafifia baada ya dakika kumi, ni beringi ya feni iliyoanza kukauka. Isiyobadilika kwa lolote mara nyingi ni kitu kinachotetemeka. Na ile inayosikika hata kompyuta ikiwa imezimwa, ila kebo ya umeme bado imechomekwa, itafute kwenye pawa saplai, kwenye spika, au kwenye UPS, kile kifaa cha betri cha kushikilia umeme ukikatika, iliyo chini ya meza.

Jambo dogo la lugha kabla hatujaendelea. Watu wengi huliita kasha lote "CPU". Hapa nitaliita kasha, kwa sababu CPU yenyewe, yaani prosesa, ni kipande kilichotulia kisicho na kitu cha kuzunguka. Kinachopiga kelele ni feni iliyokaa juu yake.

Je, kweli inatoka kwenye kasha?

Chomoa spika na hedifoni, halafu sikiliza tena. Ni hatua ya sekunde tano, lakini imewaokoa wengi wasifungue kasha bure.

Kama kelele imekoma, shida iko kwenye sauti inayopita kwenye waya. Ile "tit-tiriti-tiriti" inayojitokeza muda mfupi kabla simu haijaita ni ya simu yenyewe: mtandao wa GSM hurusha mawimbi kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na waya wa spika huyanasa kama antena. Sogeza simu mbali. Mvumo usiokatika, mzito, kwa kawaida hutokea pale spika na kompyuta zinapochomekwa kwenye soketi mbili tofauti. Zichomeke zote kwenye ekstensheni moja uone. Na kama hedifoni zinakwaruza kila unaposogeza mausi, hamia tundu la nyuma ya kasha. Tundu la mbele linaungwa kwa kebo nyembamba inayokatiza ndani, jirani na kadi ya grafiki, na huokota kila takataka ya umeme iliyo njiani.

Kutafuta mahali

Zima kompyuta, chomoa kebo ya umeme, toa bati la ubavu. Kisha rudisha umeme na uwashe ikiwa wazi. Chukua karatasi ngumu uiviringishe iwe bomba, upande mmoja kwenye sikio, mwingine uusogeze karibu na kila kifaa bila kukigusa. Utashangaa jinsi bomba la karatasi linavyotenganisha sauti ambazo hapo awali zilikuwa zimechanganyika. Usitumie kitu cha chuma. Nywele ndefu, mikono mipana ya nguo na mikufu viwe mbali na feni.

Ukishindwa kubaini, nenda kwa kuondoa. Zima, chomoa waya wa feni moja ya kasha, washa kwa dakika moja, sikiliza, zima, rudisha, nenda inayofuata. Feni ya prosesa usiichomoe kwa mtindo huu. Prosesa isiyo na feni hupanda joto haraka sana, na mazabodi nyingi, yaani bodi kuu ambayo vifaa vyote huchomekwa, zitagoma kuendelea na kuandika onyo kwamba hazioni feni. Diski nayo inaweza kuondolewa kwa njia hiyohiyo, mradi siyo ile yenye mfumo wa uendeshaji.

Kuna wanaosimamisha feni kwa kubonyeza kitovu chake kwa kidole. Kwa feni kubwa ya kasha inayokwenda taratibu inawezekana. Kwa ndogo inayokwenda kasi utajikata, au utavunja panga lake. Kuchomoa waya kunachukua muda kidogo zaidi, basi.

Tik, tak, klak

Hapa ndipo pa kukaa kwa muda, kwa sababu hii ndiyo kelele pekee inayoweza kukupotezea kitu kisichonunulika. Feni ikifa unanunua nyingine. Diski ikifa inaondoka na picha na kazi zako.

Ndani ya diski ya kuzunguka mna sahani zinazokwenda mizunguko 5400 au 7200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani hizo kwa umbali wa nanomita chache tu. Unywele wa mtu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kwa hiyo sauti za diski si za kupuuzwa, ingawa si zote ni mbaya. Mkwaruzo laini, kama mtu anayeandika kwa kalamu kwenye karatasi ngumu, ni kichwa kikihama kutoka faili hadi faili. Klik moja wakati wa kuzima ni kichwa kikienda kuegesha. Na baadhi ya diski zenye nafasi kubwa hugonga kidogo kila baada ya sekunde tano hivi zikiwa hazina kazi. Zimeundwa hivyo, kichwa kinasogezwa kwa makusudi kisikae sehemu moja.

Mbaya ni hii: klak, kimya, klak, kimya, klak, kwa mpigo uleule, na wakati huohuo kompyuta inaganda, folda inachukua dakika nzima kufunguka, au diski inatoweka kwenye orodha kisha kurudi. Maana yake kichwa kinajaribu kusoma, kinashindwa kujua kilipo, kinarudi kwenye maegesho na kujaribu tena.

Ukisikia hivyo, acha ulichokuwa ukifanya. Usiendeshe programu ya kurekebisha diski, wala ya kupanga faili upya, wala ya kutafuta virusi. Zote hizo hulazimisha kichwa kilichochoka kutembea sahani nzima, na kwa diski iliyo katika hali hiyo ni sawa na kumkimbiza mgonjwa. Kama bado inafunguka, chomeka diski ya nje na unakili, ukianza na vidogo visivyopatikana tena: hati, picha za familia, kazi ya shule au ya ofisi. Filamu na michezo ije mwisho. Hivyo vinaweza kupakuliwa tena. Diski ikikataa kabisa kuonekana na ndani yake mna kitu cha thamani, izime na iache imezimwa. Kuifungua ni kazi ya wataalamu wa kuokoa data, kwenye chumba kisicho na vumbi, na kila dakika unayoiwasha unawapunguzia nafasi. Ushauri wa zamani wa kuiweka diski kwenye friza upuuze. Ikitoka humo inatoa jasho, na unyevu juu ya sahani ni maafa.

Kama faili bado zinasomeka vizuri na kelele ni ya hapa na pale, soma taarifa ambazo diski hujiandikia yenyewe, ziitwazo SMART. Kwenye Windows programu ya CrystalDiskInfo inazionyesha. Kwenye Linux amri ya smartctl inatosha. Mistari mitatu ndiyo ya kutazama: namba 05, yaani sekta zilizohamishwa, C5, sekta zinazosubiri uamuzi, na C6, zilizoshindikana kurekebishwa. Kwenye smartctl utaziona kama 5, 197 na 198. Thamani ghafi inatakiwa kuwa sifuri. Ikiwa si sifuri na inaongezeka wiki hadi wiki, nunua diski nyingine ungali na nafasi ya kuhamisha. Neno "nzuri" linaloandikwa kwa rangi juu ya programu hizo silitegemei sana. Diski nyingi zimekufa zikiwa nalo.

Lakini kabla hujaihukumu diski, badilisha kebo zake. Kiunganishi cha umeme kilicholegea, au pawa saplai dhaifu, hukata umeme kwa kitambo kidogo tu, diski ikazima na kuamka, na ikatoa klak ileile. Nimeiona diski ya namna hiyo ikirudi kufanya kazi kwa kuhamishiwa tawi jingine la waya.

Na kama kompyuta yako ina SSD peke yake, tik hizo si za diski hata kidogo. SSD haina kitu kinachojongea.

Basi ni za nini? Hapa hesabu ndogo inasaidia. Feni ya mapanga saba inayokwenda mizunguko 1200 kwa dakika inazunguka mara 20 kwa sekunde. Kebo ikigusa mapanga yake itapigwa mara 140 kwa sekunde, na sikio halisikii tik, linasikia "trrrrr" mfululizo, kama kipande cha kadi kwenye spoku za baiskeli. Panga moja likiwa na ufa au limenasa kitu, utasikia mapigo 20 kwa sekunde, bado haraka mno kuhesabika. Kwa hiyo tik unayoweza kuihesabu, moja kila sekunde au mbili, haitoki kwenye feni inayozunguka. Inaweza kutoka kwenye feni iliyokwama, inayojaribu kuanza na kushindwa, kwa hiyo tazama kama zote zinazunguka. Ila jihadhari na kadi ya grafiki: nyingi za siku hizi husimamisha feni zake kwa makusudi kadi ikiwa ya baridi, na kuziwasha tena joto likikaribia nyuzi 50 au 60. Feni iliyosimama hapo si lazima iwe mbovu.

Kukwaruza na kusaga

Sauti ya kusaga, kama mchanga uliomo ndani ya gurudumu, ni beringi. Feni za bei nafuu hutumia bushi, yaani kibomba kinachoshika mhimili, yenye mafuta kidogo ndani; mafuta yakikauka, mhimili unasugua chuma. Ndiyo maana hulia zaidi asubuhi na kunyamaza zikipata moto. Feni za aina hii huchakaa mapema zaidi zikilazwa, mathalani juu ya kasha, kuliko zikisimama wima. Feni za gololi huishi muda mrefu, lakini gololi zikianza kulia hazinyamazi tena.

Kwanza safisha na hakikisha hakuna kebo inayogusa. Angalia pia kama skrubu za feni zimekazwa kupita kiasi. Fremu ya plastiki ikijipinda hata kidogo, ncha za mapanga huanza kugusa ukingo.

Dawa halisi ya beringi mbovu ni feni mpya. Pima ubavu wa fremu: 80, 92, 120 au 140 milimita ndio ukubwa wa kawaida. Hesabu pini za kiunganishi, tatu au nne. Feni ya kadi ya grafiki ni habari nyingine, inabidi upate inayolingana na toleo la kadi hiyo.

Na mafuta je? Tone moja la mafuta ya cherehani chini ya stika ya katikati linaweza kuinyamazisha feni ya bushi kwa wiki kadhaa, pengine miezi. Ni la kukusogeza mpaka upate feni nyingine. Usitumie mafuta ya kupikia, yataganda na kunasa vumbi, wala WD-40 ya kawaida, ambayo huosha mafuta yaliyobaki kisha nayo ikayeyuka. Feni iliyofungwa kiwandani isiyo na kifuniko chini ya stika, iache.

Mvumo kama wa ndege inayotaka kuruka

Feni zinazokwenda kasi kupita kiasi ni dalili. Uliza kinachozilazimisha.

Weka programu ya kusoma joto, HWiNFO kwenye Windows au amri ya sensors kwenye Linux. Prosesa ikiwa haina kazi, nyuzi 30 hadi 50 za Selsiasi ni kawaida. Ikifanya kazi nzito, 70 au 80 si ajabu, na prosesa nyingi mpya hujipunguzia kasi zenyewe zikikaribia 95 au 100. Ukikuta ina 75 nawe unaandika barua tu, hapo kuna jambo.

Tazama kwanza Task Manager, orodha ya Windows ya programu zinazoendeshwa. Kuna programu inayokula prosesa? Kivinjari chenye vichupo sitini, masasisho yanayoendelea kimyakimya, au programu iliyojipenyeza inayochimba sarafu za kidijitali kwa siri: hii ya mwisho hutambulika kwa feni kupiga kelele huku wewe hufanyi lolote.

Kama hakuna, ni vumbi. Liko mahali ambapo macho hayafiki, kati ya feni ya prosesa na mapezi ya chuma yaliyo chini yake. Juu feni inaonekana safi. Ikitolewa, unakuta blanketi la kijivu limeziba mapezi yote. Peleka kasha nje, tumia brashi laini na hewa ya kupuliza. Shikilia mapanga yasizunguke unapopuliza. Hewa kali huzungusha feni kuliko ilivyoundwa, beringi huumia, na mota inayozungushwa hivyo huzalisha umeme unaorudi kwenye mazabodi. Fyonzavumbi ya nyumbani mimi siitumii ndani ya kasha, kwa ajili ya umeme tuli.

Vumbi limetoka na joto halijashuka? Kuna mambo mawili. Pesti inayopitisha joto kati ya prosesa na kipozeo hukauka kwa miaka. Ifute kwa spiriti na uweke mpya, kiasi cha punje ya njegere kwa prosesa ya kawaida. La pili hutokea sana kompyuta ikihamishwa kwa gari: kipozeo kinachoshikiliwa na miguu minne ya plastiki huchomoka mguu mmoja, kikainama, na nusu ya prosesa ikabaki bila kuguswa. Kitikise kwa upole. Hakitakiwi kucheza.

Ikiwa joto liko chini na feni bado inavuma kwa nguvu zote, kosa ni la mpangilio. Feni ya pini tatu inaongozwa kwa volti. Ikichomekwa kwenye tundu lililowekwa kwa mtindo wa pini nne, itakwenda kasi ya mwisho daima. Ingia BIOS, yaani mipangilio ya mazabodi inayofunguliwa wakati wa kuwasha, tafuta sehemu ya feni, badilisha mtindo wa tundu hilo. Humohumo unaweza kushusha kasi, na faida yake ni kubwa kuliko unavyodhani: kupunguza mizunguko kwa asilimia 20 huondoa karibu desibeli 5, na kuipunguza nusu huondoa kama 15. Feni inayopanda na kushuka kila baada ya sekunde chache, kwa namna ya kuudhi, inatibiwa hapohapo, kwa kuongeza sekunde za kusubiri kabla haijaitikia joto.

Mitetemo

Kiganja ndicho kipimo. Bonyeza ubavu, juu, mbele, na meza yenyewe. Panapokata kelele ndipo penye shida. Kaza skrubu, weka vipira chini ya diski na kwenye feni, hakikisha miguu yote minne ya kasha imekaa.

Mvumo wa "pumzi", unaokuja na kuondoka, una sababu yake. Vitu viwili vinavyozunguka kwa kasi zinazokaribiana, tuseme feni moja ya 1200 na nyingine ya 1230, sauti zao huungana kisha zikafutana, kwa mpigo wa taratibu. Badilisha kasi ya mojawapo na mpigo unatoweka, bila kununua chochote.

Mluzi mwembamba wa umeme

Huu ndio unaowatisha watu zaidi kuliko unavyostahili. Ni kilio chembamba, kama mbu wa chuma, kinachotoka kwenye kadi ya grafiki au pawa saplai, na hubadilika unapoviringisha ukurasa au mchezo unapopakia. Koili zilizomo kwenye saketi za umeme hutetemeka mkondo unapobadilika haraka, na mtetemo ukiangukia kati ya hezi 20 na 20,000, sikio linausikia.

Hauharibu kitu. Jaribu kupunguza idadi ya fremu kwa sekunde: menyu ya mchezo inayochora fremu maelfu kwa sekunde hulia vibaya, na ukiweka kikomo cha 60 au 120 mara nyingi hunyamaza. Kadi ikiwa mpya na kilio hakivumiliki, irudishe ulikoinunua. Zaidi ya hapo hakuna la kurekebisha kwa mkono.

Maji yanayobubujika

Hii ni kwa wenye kipozeo cha maji. Bubujiko fupi la sekunde chache wakati wa kuwasha ni hewa inayopita kwenye bomba. Bubujiko la kudumu maana yake hewa imekusanyika ndani ya pampu, na kisa mara nyingi ni pampu kukaa juu kuliko rejeta, ile sehemu yenye mapezi inayopoza maji. Hewa hupanda, hakikisha sehemu ya juu ya rejeta imeizidi pampu kwa kimo. Pampu inayosaga huku joto likiruka hadi 90 muda mfupi baada ya kuwasha iko mwishoni. Zima, badilisha kipozeo.

Bip

Bip moja fupi wakati wa kuwasha, kwenye mazabodi zenye spika ndogo, ni salamu: ukaguzi umepita. Bip nyingi bila picha ni ujumbe, na maana yake hutofautiana kwa kila mtengenezaji wa BIOS, kwa hiyo hesabu ndefu na fupi kisha tazama kitabu cha mazabodi yako. Katika BIOS nyingi za zamani, moja ndefu na mbili fupi ni kadi ya grafiki. Bip zinazojirudia bila kukoma, mara nyingi sana, ni RAM, vile vipande vya kumbukumbu ya muda. Zima, chomoa kebo, toa RAM, sugua mguso wake wa dhahabu kwa kifutio safi, futa vumbi la kifutio, irudishe mpaka vishikizo vya pembeni vilie. Ikigoma, jaribu kipande kimoja kimoja.

Bip inayoanza katikati ya kazi ni tofauti. Hiyo kwa kawaida ni onyo la joto au la feni iliyosimama.

Pawa saplai

Feni yake ikisaga, kibadilishe kifaa chote. Usikifungue. Ndani mna kapasita inayobeba volti zaidi ya 300, na hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa kebo. Mvumo mdogo unaoongezeka ikichomekwa kwenye UPS, na kutoweka kwenye umeme wa kawaida, hutokana na UPS ambayo wimbi lake la umeme si laini. Kwa muda mfupi inavumilika.

Sauti ya kutatarika, kama mafuta kwenye kikaango, au "pa!" moja ikifuatiwa na harufu ya kuungua, haina uchunguzi. Zima kwenye soketi ya ukutani, chomoa, na usiiwashe tena "kuona kama imepona".

Kelele inayojificha mbele ya fundi

Mara nyingi kompyuta hunyamaza siku unayoipeleka kwa fundi. Irekodi kwa simu ikiwa nyumbani: weka simu karibu na ubavu uliofunguliwa, na wakati unarekodi sema kwa sauti unachokifanya, "sasa nawasha", "sasa nafungua faili", "sasa nimefunga mchezo". Rekodi ya dakika mbili yenye maneno hayo humsaidia kuliko maelezo marefu, maana atasikia kelele na wakati inapotokea kwa pamoja. Ongeza picha ya skrini ya joto na ya SMART, na umwambie kama kompyuta ilihamishwa, ilianguka, au ilifunguliwa hivi karibuni.